Kabla ya kutuongezea spidi, tuwashieni alama ya foleni

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Kijenge aliandika katika ukurasa huu kwamba amelipia kifurushi cha faiba cha megabiti 20, na bado simu ya video na mwanawe anayesoma Uturuki inakatika kila jioni. Alimalizia kwa kutaka makampuni yabanwe yatoe spidi wanayoitangaza. Hasira yake naifahamu vizuri, maana ndiyo inayonipa kazi. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Arusha. Nafunga waifai kwenye nyumba za wageni, ofisi za utalii na zahanati kuanzia Sakina hadi Usa River, na wateja wengi wameshazoea kuniita dada wa waifai. Lakini dawa anayoidai sidhani kama itamponya. Naweza kuweka dau kwamba tukienda kwake na kupima, megabiti zake 20 tutazikuta zote, na simu itaendelea kukatika vile vile.

Kuna nyumba ya wageni upande wa Njiro ninayoihudumia. Msimu wa Julai na Agosti magari yanarudi jioni kutoka Ngorongoro na Tarangire, wageni wanaoga, wanakula, wanakaa. Hawafanyi lolote la ajabu. Simu zao ndizo zinazoanza kazi zikiwa mfukoni: zikishaiona waifai, zinapandisha picha na video za simba kwenye hifadhi za mtandaoni bila kumuuliza mtu. Saa mbili na nusu usiku binti wa mapokezi anataka kupokea malipo kwa kadi, kimashine kinazunguka, kinazunguka, kinamwambia ajaribu tena. Mama mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, hawa watu wa intaneti wananiibia. Njoo uwapime."

Nikawapima. Hawakuwa wanamwibia. Spidi ya kushusha ilikuwa ile ile aliyoilipia, na ya kupandisha pia. Tofauti ilikuwa kwenye pingi, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na jibu lake kurudi. Asubuhi, nyumba ikiwa tupu, pingi ya kwenda Dar es Salaam ilirudi ndani ya milisekunde 20 hivi. Usiku, picha zikipanda, ilirudi baada ya sekunde 2 na zaidi. Sasa mtu atauliza, hizo sekunde 2 zilikuwa wapi, kama waya ni ule ule na Dar es Salaam haijahama?

Zilikuwa ndani ya modemu ya pale pale ukumbini. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila kifaa kinachoipitisha kina bafa, yaani nafasi ya pakiti kusubiria zamu. Kumbukumbu za kielektroniki zimekuwa rahisi, kwa hiyo watengenezaji wamekuwa wakiweka bafa kubwa wakidhani wanamsaidia mteja, kwamba pakiti isipotee. Piga hesabu mwenyewe: bafa ya megabaiti 1 ni megabiti 8. Ikikaa mbele ya njia ya kupandisha yenye megabiti 2 kwa sekunde, ikijaa inachukua sekunde 4 kumaliza kilichomo. Pakiti ya mwisho kuingia, hata kama ni ile ndogo ya malipo ya kadi, inasubiri sekunde hizo 4. Jim Gettys, mhandisi Mmarekani, aligundua jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010 na akaanza kulipigia kelele. Tangu hapo wanaojua wanajua, na modemu zinaendelea kuuzwa zikiwa na bafa zile zile.

Lakini kwa nini bafa ijae? Kwa sababu mtumaji, yaani kifaa kinachotuma data, hana njia ya kuambiwa apunguze mpaka pakiti ipotee. Hapo ndipo kiini cha barua yangu kilipo, na kinahitaji nirudi nyuma kidogo.

Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, majengo yaliyoachana kwa umbali usiofika mita 400, yaliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Sijakosea kuandika: biti 40. Kompyuta zilikuwa zikiona pakiti haijajibiwa zinatuma tena, na kule kutuma tena ndiko kulikozidi kuziba njia. Van Jacobson wa maabara hiyo akaandika dawa iliyochapishwa mwaka 1988, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo inayoendesha intaneti hadi leo: anza taratibu, ongeza kidogo kidogo, na ukiona pakiti imepotea, punguza mwendo kwa nusu. Iliokoa intaneti, hilo halina ubishi. Ila ilitufunga kwenye ishara moja tu ya msongamano, nayo ni mzigo kutupwa. Mtumaji anaongeza, anaongeza, anaijaza bafa mpaka juu, inafurika, pakiti inaanguka, ndipo anashtuka. Na bafa ikiwa kubwa, habari inamfikia akiwa ameshachelewa sana.

Wahandisi waliona mapema kwamba hii si njia ya kistaarabu ya kuambiana. K. K. Ramakrishnan na Raj Jain walikuwa wameshapendekeza katika miaka ya 1980 kwamba kifaa chenye foleni kiweke alama kwenye pakiti badala ya kuitupa. Sally Floyd, mama mmoja aliyeipa intaneti mengi kuliko jina lake linavyojulikana (alifariki mwaka 2019), akaliendeleza wazo hilo, na Septemba 2001 likatoka kuwa kiwango rasmi, waraka namba RFC 3168 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti), chini ya majina ya Ramakrishnan, Floyd na David Black. Kiwango hicho kinaitwa ECN.

Kinavyofanya kazi si kigumu. Kila pakiti ya intaneti ina kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye maelezo ya safari, na kwenye baiti ya pili ya kichwa hicho, kwa toleo la 4 la itifaki ya intaneti, biti mbili za mwisho zimetengwa kwa ajili ya msongamano. Biti mbili zinatoa hali nne. 00 maana yake mtumaji haelewi alama, kwa hiyo ukizidiwa mtupie mzigo kama zamani. 10 maana yake mtumaji anaelewa. Ruta yenye foleni ikiiona 10 inaibadilisha kuwa 11, pakiti inaendelea na safari salama salimini, mpokeaji anairudisha habari kwa mtumaji, mtumaji anapunguza. Hakuna kilichopotea, hakuna cha kutumwa upya. Ikabaki 01, ambayo mwanzoni ilipewa maana sawa na 10, kama kiti cha akiba. Nitairudia hiyo 01.

Mnaweza kuuliza, kama dawa ipo tangu 2001, mbona mama wa Njiro anahangaika? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uoga na uzembe. Zilipoanza kutumika, baadhi ya kuta za ulinzi wa mitandao ziliziona biti hizo kuwa ngeni na kuzitupa pakiti zilizozibeba, kwa hiyo watu wakazima ECN wakaiacha. Apple ilianza kuiwasha kwenye simu zake mwaka 2015, na seva zinazotumia mfumo wa Linux hukubali zikiombwa, lakini modemu na ruta zilizopo katikati, ambazo ndizo zenye foleni, nyingi haziweki alama yoyote. Nyingine ni mbaya zaidi: zinafuta alama iliyowekwa na wengine, kwa sababu fundi fulani aliamuru baiti nzima irudishwe kwenye sifuri.

Sababu ya pili imo ndani ya kiwango chenyewe. RFC 3168 iliamuru kwamba mtumaji akipata 11 afanye kama pakiti imepotea, yaani apunguze nusu. Kwa hiyo ruta haithubutu kuweka alama mapema. Ikiweka mara kwa mara kila mtu atakatwa nusu, tena nusu, na njia itabaki tupu. Matokeo yake alama inakuja tu hali ikishakuwa mbaya. Ni ishara yenye neno moja, na neno lenyewe ni ukelele.

Mwaka 2010 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha njia bora ndani ya vituo vya data, waliyoiita DCTCP. Ruta inaweka alama mapema, foleni ikiwa bado fupi, na mtumaji anapunguza kulingana na sehemu ya pakiti zilizowekewa alama. Zikiwa 10 kwa kila 100, anapunguza asilimia 5 tu. Foleni inabaki fupi, na njia haikai tupu. Tatizo ni kwamba haiwezi kuachiwa kwenye intaneti ya wote: anayepunguza asilimia 5 akikutana na yule wa zamani anayekata nusu, wa zamani atasukumwa pembeni.

Hapo ndipo 01 ikawa mali ya kugombaniwa. Ilikuwa hali pekee iliyobaki, na yakaja mapendekezo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kundi la kwanza, Bob Briscoe akiwa mmoja wa vinara wake, likasema 01 iwekwe na mtumaji, kuiambia ruta "mimi ni wa aina mpya", ili ruta impeleke kwenye foleni yake fupi na kumwekea alama mapema na mara nyingi. Huu mpango unaitwa L4S, na unalenga kusubiri kusikozidi milisekunde 1 kwa wastani. Kundi la pili, Jonathan Morton, Pete Heist na Dave Täht, wakaja mwaka 2019 na mpango wa SCE: 01 iachiwe ruta. Mtumaji aweke 10 kama kawaida. Foleni ikianza kuota, ruta iandike 01, yaani punguza kidogo. Ikizidi, iandike 11, yaani punguza kwa nguvu. Biti zile zile, upande mmoja zinasema mtumaji ni nani, upande mwingine zinasema njia ikoje.

Walibishana kweli kweli. Chombo kinachotunga viwango hivi, IETF, hakina uanachama wala hakipigi kura. Wana kaulimbiu yao tangu 1992, ya David Clark, kwamba wanawakataa wafalme, marais na kura, wanaamini maafikiano ya jumla na programu inayofanya kazi. Wakitaka kujua ukumbi umeegemea wapi, mwenyekiti anawaambia wavume, midomo ikiwa imefungwa, na anasikiliza mvumo upi una nguvu. (Mara ya kwanza kusoma habari hii nilidhani ni utani. Si utani, kuna hata waraka wa mwaka 2014 unaoeleza kwa nini wanafanya hivyo.) Mwaka 2020 kikundi husika kiliegemea upande wa L4S. Januari 2023 zikatoka nyaraka tatu, RFC 9330, 9331 na 9332. Apple imeiingiza kwenye mifumo yake, kampuni ya Comcast ya Marekani ilianza kuwafikishia wateja wa majumbani Januari 2025, na viwango vya simu vya 5G, toleo la 18, vimeiwekea nafasi.

Mimi, ingekuwa nipo ukumbini, ningevuma upande wa SCE, na sababu zangu ziko Sakina. Ruta nyingi ninazokutana nazo kwa wateja zilishatumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika hapa. Nyingine zina ECN ya mtindo wa 2001, foleni moja kwa wote. Ruta ya namna hiyo ikiiona 01 inaichukulia sawa na 10, inaweka alama kwa nadra, na kila alama inamaanisha punguza nusu. Mtumaji wa L4S anaipata anaiona ni alama moja tu kati ya nyingi alizozitarajia, anapunguza kiduchu. Jirani yake wa mtindo wa zamani, mwenye adabu, anakata nusu. Baada ya muda mfupi yule mtumaji mpya ameshika njia yote. RFC 9331 yenyewe inaikiri hatari hii na kuwawekea watumaji masharti. Lakini masharti kwenye karatasi ni kitu kimoja, na ruta ya mtumba juu ya kabati la zahanati ni kitu kingine.

Hata hivyo uamuzi umeshapita na sileti ugomvi wa jana. Ninachotaka wasomaji, na hasa walimu wa uhandisi wa mji huu, wakione ni hiki: RFC 9331 na 9332 zilitolewa zikiwa na hadhi ya majaribio. Maana yake watungaji wanasubiri ushahidi kutoka kwenye mitandao halisi kabla hazijapandishwa kuwa kiwango kamili. Kama ushahidi utatoka tu kwenye vitongoji vya Marekani vyenye megabiti mia kadhaa na seva iliyo jirani, basi kiwango kitakachogandishwa kitakuwa kimepimwa kwao, na sisi tutaletewa kwenye boksi.

Na njia zetu zinatofautiana na zao kwa mambo yanayobadilisha matokeo. Chukua umbali. Video nyingi tunazotazama Arusha zinatoka kwenye seva za akiba zilizoko Dar es Salaam au Nairobi, milisekunde 20 au 30. Lakini daktari wa zahanati moja hapa anayetuma picha za eksirei kwa wenzake wa Ulaya, pakiti yake inashuka hadi pwani kwa Mkongo wa Taifa, inaingia baharini, na jibu linarudi baada ya milisekunde 150 au zaidi. Mtumaji wa karibu anaongeza mwendo kila jibu linaporudi, yaani mara nyingi zaidi kwa sekunde kuliko wa mbali. Wakigombania njia moja, video ya karibu inashinda eksirei ya mbali, bila mtu kuamua iwe hivyo. Hili linajulikana vitabuni kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba hapa ni kila siku. Halafu kumbukeni Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini na nchi nzima ikabanana kwenye njia chache zilizobaki. Siku kama hizo ndizo za kupimia ishara ya msongamano, na sikuona mtu aliyezipima.

Nirudi Njiro, maana mtauliza yule mama nilimwachaje. Nilimwekea ruta yenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, na ndani yake mfumo unaoitwa CAKE, kazi ya Dave Täht na wenzake. Täht alifariki Aprili 1, 2025, na nilihuzunika kama nimefiwa na mwalimu ingawa hakujua kama nipo. CAKE inafanya mambo mawili. Inazipa zamu: ukienda mashine ya kusaga pale Tengeru na sado yako ya mahindi, ukamkuta mtu ana magunia kumi, msagaji mwenye busara anasaga gunia moja, anakusagia sado yako, anaendelea na magunia. Kadi ya benki ni sado, picha za simba ni magunia. Jambo la pili, inaangalia pakiti zimesubiri muda gani, na zikizidi kiasi inaweka alama ya ECN kwa anayeielewa, inatupa kwa asiyeielewa. Ina hata chaguo la umbali: safari za kawaida milisekunde 100, za kuvuka bahari milisekunde 300. Kule zahanati nimeweka la kuvuka bahari. Kwa Njiro pingi ilishuka hadi milisekunde 30 na kitu, picha zikiwa bado zinapanda, na mama hajaongeza hata shilingi kwenye bili ya mwezi. Binti wa mapokezi hanipigii tena usiku, ananipigia mchana kuniuliza bei ya kamera.

Sasa mbona nalia na viwango wakati nina dawa yangu mfukoni? Kwa sababu dawa yangu ni kiraka. Ili foleni ihamie kwenye kifaa ninachokitawala, lazima niibane njia iwe chini kidogo ya uwezo wake halisi, kama asilimia 90. Mteja anapoteza asilimia 10 aliyoilipia. Kwenye faiba inavumilika. Kwenye intaneti ya simu, ambayo ndiyo ya wengi, haiwezekani kabisa: uwezo wa mnara unapanda na kushuka kila dakika kulingana na watu, mvua na mahali ulipokaa, na mimi siwezi kubana kitu kisichotulia. Anayejua foleni ya mnara ikoje ni mnara wenyewe. Kwa hiyo alama lazima itoke kwa mwenye mnara, na lazima iwe na maana moja kwa wote, kuanzia simu ya Kichina ya elfu themanini hadi seva ya Frankfurt. Fundi wa Sakina hawezi kuitunga peke yake, wala kampuni moja haiwezi.

Mapendekezo yangu basi ni ya aina mbili, ya kesho na ya mwakani. Ya kesho yanawahusu watoa huduma: wawashe kwenye modemu wanazotugawia mfumo wa foleni fupi ambao tayari una waraka wake tangu 2018, RFC 8290, hauna malipo ya leseni, na kwenye ruta nyingi umeshakuja na Linux iliyomo ndani, umezimwa tu. Waache kufuta zile biti mbili. Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inapopima ubora wa huduma ingeongeza kipimo cha ucheleweshaji njia ikiwa na mzigo, kisha matokeo yachapishwe kama spidi inavyotangazwa. Kampuni zinashindana kwenye kile kinachochapishwa. Leo matangazo yanashindana kwa megabiti, ndiyo maana tunauziwa megabiti.

Ya mwakani ndiyo ninayoyatamani zaidi. Arusha ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ina Chuo cha Ufundi, Moshi wana Chuo Kikuu cha Ushirika, na hospitali ya KCMC inayotegemea mawasiliano haya kwa wagonjwa. Wanafunzi wa uzamili wanatafuta mada kila mwaka. Mada hii hapa: pimeni L4S, SCE na ECN ya zamani kwenye njia yenye megabiti 2 za kupandisha, ruta ya mtumba yenye foleni moja, seva moja Dar es Salaam na nyingine Ulaya, na mnara wa simu wa saa mbili usiku. Programu zote zinapatikana bure. Andikeni matokeo kama rasimu, mpeleke IETF. Rasimu haihitaji kibali cha wizara wala ada. Mtu yeyote anaweza kuituma, inaishi miezi sita, ikiwa haina mashiko inakufa yenyewe, ikiwa nayo wanaijadili. Vikao vinafuatiliwa kwa mtandao, na kuna utaratibu wa kusamehewa ada ya kushiriki kwa mbali.

Rasimu hiyo ningependa idai jambo moja la wazi: kabla 01 haijapandishwa kutoka majaribio hadi kiwango, ioneshwe kwamba mtumaji mpya akikutana na foleni moja ya kizamani yenye wasafiri wa mbali na wa karibu, hamnyang'anyi wa mbali. Ikishindikana, mtumaji alazimike kurudi kwenye tabia ya 2001, na kurudi huko kupimwe kwenye njia ndefu, kwenye maabara pekee hakutoshi. Ningependa pia alama iseme foleni iko wapi, kwa mteja, kwenye mnara au baharini, maana nusu ya kazi yangu ni kuwaamua mteja na kampuni wanaosukumiana lawama. Lakini biti mbili hazitoshi kubeba hilo, na ukiliweka kwenye vichwa vya ziada vya toleo la 6 la itifaki ya intaneti, njiani pakiti nyingi za namna hiyo hutupwa. Nimelifikiria sana hilo na sijaona pa kupitia. Mwenye akili kunizidi aendelee.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi kazi yetu ni kununua bando. Wenye kusema hivyo wasome orodha ya majina kwenye RFC 3168: la kwanza ni la Mhindi. Na waraka wa kwanza kabisa wa mfululizo huo, wa Aprili 1969, uliandikwa na mwanafunzi.

Kwa msomaji wa Kijenge, kabla hujahamia kifurushi cha megabiti 40, fanya hivi. Usiku saa ambayo simu inakatika, fungua programu yoyote ya kupima spidi. Nyingi siku hizi zinaonyesha ucheleweshaji mara tatu: njia ikiwa tulivu, ikishusha, ikipandisha. Andika namba zote tatu. Ya tatu ikiwa mara kumi ya ile ya kwanza au zaidi, mpigie mtoa huduma wako umtajie namba hizo, usimtajie spidi, na muulize kama modemu aliyokupa ina foleni fupi na kama inaweka alama ya ECN. Wa kwanza kupokea hatakuelewa. Omba uunganishwe na mhandisi.

Dada wa waifai,
Sakina, Arusha